Nusu ya Somo la Chura

Mwalimu aliogopa vyura. Naanza na hilo kwa sababu waliomjua kwa kusimuliwa hawaliamini. Wanadhani mtu aliyeongea habari za vyura maisha yake yote alikuwa akiwashika kama sisi tunavyoshika vitunguu sokoni. Wapi. Chura akiruka karibu na kanga yake, Mwalimu alipanda juu ya kiti, mtu mzima na heshima zake, akatuamuru wanafunzi tumwondoe, na huko huko juu ya kiti akaendelea kutueleza maajabu ya mnyama huyo kana kwamba hakuna lililotokea.

Kwao sikupajua. Wengine walisema ni Msumbwa wa huko magharibi, wengine wakasema ana damu ya pwani, ati kwa namna alivyofunga kilemba na kutia iliki kwenye chai. Aliyethubutu kumuuliza kabila alijibiwa kwamba yeye ni wa Baiolojia. Mimi nilimjua mara mbili. Kwanza alinifundisha sekondari mjini Shinyanga katika miaka ya sitini, wakati wasichana darasani tulikuwa wa kuhesabika. Halafu katika miaka ya themanini alistaafu, akanunua nyumba Kagongwa, ukuta kwa ukuta na kibanda changu cha cherehani. Kwa hiyo nimemwona akiwa na chaki mkononi, na nimemwona akigombana na mbuzi wa jirani kwa ajili ya mchicha. Lakini ninachotaka hasa kusimulia ni jinsi neno lake lilivyokaribia kumpotezea mdogo wangu Masanja mguu, na jinsi mguu huo ulivyokaribia kumnyamazisha Mwalimu mwenyewe moja kwa moja.

Usafi wake ulichosha watu. Miaka ile sabuni ilipoadimika, ukiipata ni kwa foleni na kujuana, Mwalimu alichemsha majivu na mafuta ya ng'ombe uani kwake, akapata kitu cheusi chenye harufu mbaya kuliko uchafu wenyewe, akakiita sabuni na kutugawia majirani kwa nguvu. Alikagua kucha za wageni wakati wa kusalimiana. Mume wangu, Baba Kulwa, mnunuzi wa pamba anayeogopwa na makarani, alijizoeza kumwamkia Mwalimu mikono ikiwa mifukoni. Siku moja Mwalimu alimwambia aitoe, naye akaitoa.

Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo alijaza madirisha yake visahani vya vitu vinavyooza. Alikuwa hivyo tangu Shinyanga. Aliwahi kuja darasani na mayai, nasi tukatazamana, maana wengi wetu tulitoka nyumba ambazo msichana haruhusiwi kula yai, na hapa mwalimu anayavunja ili yaharibike. Kiini alikitia kwenye sahani moja, ute kwenye sahani nyingine, akaviweka kwenye kabati na kutukataza kufungua. Tulipofungua baadaye, kiini kilikuwa kimeoza hata msichana wa mbele akatoka nje kutapika. Ute ulikuwa bado.

Alitueleza kwamba yai linatagwa kwenye joto na kinyesi, halina mama ndani, halina daktari, na bado kifaranga kinatoka mzima. Ndani ya ute kuna kitu kinachovunja vijidudu. Kitu hicho hicho kimo katika machozi yetu na mate yetu. Hilo, alisema, limekwisha kuandikwa vitabuni, mnaweza kulijibu kwenye mtihani. Kisha akaweka chaki chini na kutupa lile ambalo haliko kwenye mtihani.

Alikuwa amepita kwenye majaruba ya mpunga wakati wa palizi, akamwona chura aliyekatwa na jembe mgongoni, ngozi imeachia. Alimlipa mtu amtie kwenye karai pamoja na maji yale yale ya jaruba, maji ambayo ng'ombe wanayanywa na kuyachafua humo humo. Akawa anamchungulia kwa mbali kila siku. Kidonda kikafunga bila usaha. Na mkulima mwenyewe aliyejikwaruza mguu katika maji hayo hayo alikuwa na jipu, hawezi kuvaa kiatu. Kwa nini mmoja ameoza na mwingine hakuoza?

Tulijibu kila tulichoweza. Mmoja alisema ni Mungu, Mwalimu akasema sawa, lakini Mungu ametumia nini. Mwingine alisema ni ule utelezi wa ngozi, naye akasema labda, una nini utelezi huo. Tulipochoka tukamtaka atuambie jibu. Akasema hajui. Akasema ameuliza wakubwa zake na wao hawajui. Kwetu sisi, tuliolelewa kuamini kwamba mwalimu asiyejua ameaibika, jambo hilo lilikuwa geni kabisa, na nakiri kwamba siku ile nilimdharau kidogo. Kila darasa lililotufuata lilipewa swali lile lile. Mkaguzi wa shule aliyeketi nyuma mara moja alimuuliza kwa nini anafundisha asilolijua, akajibu kwamba anataka watoto wajue kuna kazi imebaki. Sentensi hiyo imenisaidia maishani kuliko fomula zote nilizokariri.

Hakumcheka mtu kwa dawa zake. Bibi yangu alikuwa akipaka mate ya asubuhi, kabla ya kunawa mdomo, kwenye vipele vya wajukuu. Nilitarajia Mwalimu akisikia atamkemea. Badala yake alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kuna kitu kizuri ndani ya mate na kuna vijidudu vibaya pia ndani ya mdomo, na kwamba tabu ni kuvitenganisha. Bibi akasema basi yeye anachukua vyote. Wakacheka, wakanywa chai.

Alichokipiga vita bila huruma ni rangi mbili. Wasiozikumbuka, zilikuwa vidonge vya ganda lenye rangi mbili, na dukani kwetu ziliuzwa karibu na kiberiti na chumvi. Mtu akikatwa na jembe hakuzimeza. Alifungua ganda, akamwaga unga wake juu ya kidonda na kufunga kitambaa. Kule machimboni, upande wa Masumbwe, ndiyo ilikuwa tiba ya kila kitu, na mchimbaji mwenye vidonge vyake mfukoni aliombwa kama mwenye tumbaku. Mwalimu alisema ukivirushia vijidudu dawa kidogo kidogo hivyo, vile vinavyobaki vinajifunza. Vijidudu navyo vinasoma shule, alisema, na nyinyi ndio mnavilipia karo. Watu walicheka, wakaendelea kumwaga.

Masanja alikuwa mmoja wao. Alikwenda machimboni kama vijana wote wa umri wake wakati ule dhahabu ilipowatoa majumbani, akafanya kazi kwenye duara, ndivyo wanavyoliita shimo lao. Duara likitema dhahabu anakuja Kagongwa na viatu vipya, lisipotema anakuja na njaa. Katika ndugu zangu wote yeye ndiye aliyerithi miguu ya baba. Alicheza ngoma, alikimbia, alitembea usiku kucha kufuata ng'ombe waliopotea akarudi anaimba. Nasema haya ili ijulikane mguu wenyewe ulikuwa mguu gani.

Jibu la swali la chura lilikuja kwa redio. Mwalimu alikuwa na redio ya betri, na betri zikichoka alizianika juu ya bati kama dagaa. Jioni moja, baada ya taarifa ya habari, nilisikia anapiga kelele upande wa pili wa ukuta. Nilikimbia nikidhani ni nyoka. Nilimkuta amesimama katikati ya chumba, machozi yanamtoka, anaielekezea kidole redio ambayo sasa ilikuwa inapiga muziki tu. Alinishika mikono yote miwili bila kuikagua. Mtaalamu mmoja huko ng'ambo, alisema, amepasua vyura kwa kazi nyingine kabisa, akawashona na kuwarudisha kwenye maji machafu, akashangaa vidonda vinapona bila kuoza. Ametafuta ngozini mwao, amekuta vipande vifupi vifupi vya protini, vifupi mno, na vipande hivyo vinatoboa utando wa kijidudu kama msumari unavyotoboa sufuria, kikavuja kikafa.

"Mama Kulwa," aliniambia, "nimeuliza tangu wewe una kiuno chembamba. Wamelijibu nikiwa hai."

Nililia naye, sijui hata kwa nini. Nadhani ni kwa sababu sijawahi kumwona mtu mwingine aliyefurahi hivyo kwa kitu ambacho hakiliwi wala hakivaliwi.

Kesho yake alikwenda mashineni. Kwa Kagongwa, mashine ya kukoboa mpunga ndiyo baraza, ndiyo gazeti. Wanawake wanasubiri zamu, wapagazi wanapakia, na malori yanayopeleka mchele machimboni yanaunguruma pembeni. Alisimama juu ya gunia akafundisha. Ni lazima nieleze namna alivyofundisha, kwa sababu hapo ndipo palipoharibika. Darasani siku zote alianza na la kushangaza. Alilipamba, alitutia hamu, mpaka tukaona dunia yote ni ya ajabu, na tahadhari zake zote aliziweka nusu ya pili ya kipindi, tukiwa tumeshanaswa. Shuleni ilifaa, kwa kuwa hakuna anayetoka kabla ya kengele. Malori hayana kengele. Alipofika pale pa kusema kwamba chura ana dawa kwenye ngozi yake, dereva wa lori la Masumbwe, aliyekuwa akisikiliza kwa makini na kutikisa kichwa, aliona limejaa, akapanda akaondoka. Nusu ya pili tuliisikia sisi wa mpunga, ambao hatukuwa na vidonda.

Huko machimboni rangi mbili zilikuwa zimeadimika. Habari kwamba mwalimu mzima wa sekondari amesema dawa iko kwenye ngozi ya chura ilipokewa kama mvua. Vyura walijaa kwenye mashimo yaliyotuama maji. Watu waliwachuna, wakafunga ngozi juu ya vidonda, upande wa utelezi ndani, na kitambaa juu, sawasawa na walivyozoea kufanya na ule unga. Masanja alikuwa amejipiga sururu kwenye muundi. Kidonda chenyewe, alisema baadaye, kilikuwa cha kuoshwa tu. Alikifunga ngozi ya chura na akaiacha humo, kwa kuwa dawa hairuhusiwi kuchunguliwa.

Alirudi amelazwa juu ya magunia matupu kwenye lori lile lile. Nilinusa kabla sijaona. Mguu ulikuwa umevimba mpaka gotini, umeng'aa, na alikuwa akiniita kwa jina la mama yetu. Mwalimu alitoka kwake kwa kelele za watu. Mwenyewe ndiye aliyekifungua kitambaa, maana sisi tuliogopa, na ndani akakiona kile kipande cha ngozi, cheusi sasa, kimeshikamana na nyama. Mtu aliyepanda viti kwa kuogopa chura alikitoa kwa vidole vyake, polepole, akakiweka pembeni. Kisha akamuuliza Masanja nani aliyemfundisha hivi.

"Si ni wewe, Mwalimu," Masanja alisema.

Hakuwa anamlaumu. Alikuwa anajibu swali.

Tulimpeleka hospitali Kahama. Daktari alikuwa kijana mpole, hakumtukana mtu. Alisema chura hai hutengeneza ulinzi wake upya kila saa, na chura aliyekufa ni nyama inayooza, tena imetoka kwenye maji ya shimo. Mwalimu aliinama akasema ndiyo, hivyo ndivyo alivyosema mashineni, baada ya lori kuondoka. Daktari akasema watasafisha, watakata nyama iliyokufa, watampa sindano, na kama uvimbe utapita goti watakata mguu ili abaki yeye.

Siku zile zilikuwa mbaya. Nilimchukia Mwalimu, sitaficha. Alikaa kwenye benchi la wodi kila siku na mimi sikumwamkia, na yeye hakunitaka nimwamkie. Muuguzi aliposafisha kidonda yeye ndiye aliyeshika beseni. Siku moja hakuja, nikadhani amechoka na hasira zangu. Kumbe alikuwa amepanda lori kwenda machimboni, mwanamke wa umri ule, kwenye barabara ile. Waliokuwapo walituhadithia kwamba alisimama kando ya maduara akaita watu, akasema: "Aliyesema ni mimi. Zitoeni ngozi hizo. Chemsheni maji, tieni chumvi, osheni, na aliye na homa apande lori hili nirudi naye." Alipoulizwa kwa nini, alisema hana la kufundisha, wazitoe tu. Alirudi na vijana kadhaa wenye vidonda vibaya, akawafikisha hospitali, akarudi kwenye benchi lake.

Uvimbe ulisimama chini ya goti. Kwanza hatukuamini. Kisha ngozi ikaanza kulegea, homa ikashuka, na asubuhi moja muuguzi alipofungua bandeji alituita tuone nyama nyekundu, ndogo ndogo, inachipua pembeni mwa kidonda. Daktari alisema kazi yake ilikuwa kufagia, sasa mwili unajenga. Nilimtafuta Mwalimu benchini nimshike mkono. Alikuwa ameshaondoka.

Masanja alipona. Mwalimu ndiye aliyeharibika. Tangu siku ile hakufundisha tena. Watoto walikwenda barazani kwake na maswali yao kama kawaida, kwa nini mjusi anakata mkia, kwa nini maziwa ya kwanza ya ng'ombe ni ya njano, naye akawaambia wakamuulize daktari. Visahani vilitoka madirishani. Redio ilikuwa haisikiki. Nilikwenda kumwomba radhi kwa siku zile za wodini, akanipokea vizuri, akanipa chai yenye iliki, na tukaongea habari za bei ya mchele mpaka nikaona aibu. Nilitamani anikague kucha. Baadaye aliuza nyumba, akahamia kwa mdogo wake huko Mhunze, na upande wa pili wa ukuta wangu akaingia fundi baiskeli.

Miaka ya themanini ilikuwa inakaribia kwisha Masanja aliponiambia anataka kwenda Mhunze, na kwamba nimsindikize kwa sababu anaona haya. Tulifika mchana. Mwalimu alikuwa ameketi barazani anachambua choroko, amekonda, jicho moja limeingia ukungu. Alimtambua Masanja kwa mwendo kabla hajaiona sura, nikaona mkono wake umesimama juu ya ungo.

Masanja alimwamkia, akaitikia marahaba. Mwalimu akamwambia anamwona anatembea. Masanja akasema anatembea, na anacheza ngoma, na amekuja kwa huo huo mguu. Mdogo wake Mwalimu alileta maji ya kunywa, akatuangalia, akarudi ndani.

"Mwalimu, nina swali," Masanja alisema. "Daktari aliniambia yeye alifagia tu, nyama iliota yenyewe. Nataka kujua nani aliyeiotesha. Na kile alichonacho chura, mimi ninacho?"

"Waulize madaktari, baba. Mimi niliacha."

"Niliwauliza, walikuwa na wagonjwa wengi. Na somo hili si lao." Masanja hakupandisha sauti. "Uliligawa nusu, Mwalimu. Nusu ya kwanza ilinifika, nikaumia nayo. Nusu ya pili ni haki yangu."

Nilitaka kumvuta shati anyamaze. Mwalimu alimtazama kwa lile jicho zima. Nilidhani atalia. Akaweka ungo chini, akamwita mdogo wake alete maji na sabuni, akanawa mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko bila haraka. Akasogeza kiti chake mpaka magoti yao yakakaribia kugusana.

"Pandisha suruali," alimwambia. "Nyoosha mguu hapa penye mwanga. Tutaanza na ngozi yako."